Kupanda, Kuendesha, Kukokota: Mzigo Uliotoweka katika Filamu Mbili za Mbio za Baiskeli

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu mbili huru za mwaka 2012: Line of Sight, inayohusu mbio za baiskeli za chini kwa chini katika miji mikubwa ya dunia, na Rising from Ashes, inayohusu timu ya taifa ya baiskeli ya Rwanda. Filamu hizo zinasomwa kutoka mahali mahususi, yaani wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ambako baiskeli ilijulikana kama chombo cha mizigo kabla ya kufikiriwa kuwa chombo cha mashindano. Vitenzi vitatu vya Kiswahili, panda, endesha na kokota, vinatumika kama nyenzo za uchambuzi. Makala yanadai kwamba mbio zinazosimuliwa katika filamu zote mbili zilizaliwa na kazi ya kubeba, lakini kila filamu, kwa mbinu yake ya usimulizi, imeuacha mzigo nje ya fremu. Kuurejesha mzigo huo ni jukumu la kihakiki ambalo Kiswahili kina nyenzo za kulitekeleza.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa filamu kwa Kiswahili umeelekezwa zaidi katika filamu za kubuni. Filamu za hali halisi hupokewa mara nyingi kama taarifa: mtazamaji huuliza kama yaliyosemwa ni kweli, wala haulizi yamesemwaje, na nani, kutoka wapi. Hata hivyo, filamu ya hali halisi ina msimulizi, msuko, wahusika na mtazamo kama ilivyo riwaya, na uteuzi wa kile kinachoonekana ndani ya fremu ni uamuzi wa kifani wenye matokeo ya kimaudhui.

Filamu zinazohakikiwa hapa zina mengi yanayozitenganisha. Line of Sight, iliyoongozwa na Benny Zenga, imejengwa kwa picha zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 10 na Lucas Brunelle, mwendesha baiskeli wa Boston aliyefunga kamera kwenye helmeti yake na kuingia katika mbio zisizo na kibali cha mamlaka yoyote. Rising from Ashes, iliyoongozwa na T. C. Johnstone, inafuatilia kuundwa kwa timu ya Rwanda chini ya kocha Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Ya kwanza ni ya wahuni wa barabarani, kwa maana ambayo wenyewe wasingeikataa. Ya pili ni ya taifa, bendera na Olimpiki. Kinachoziunganisha ni asili ya mbio zenyewe. Mbio za miji mikubwa zilianzishwa na matarishi wa baiskeli, watu wanaolipwa kufikisha bahasha na vifurushi. Timu ya Rwanda nayo ilipata baadhi ya waendeshaji wake miongoni mwa watu waliokuwa wakibeba abiria na mazao kwa baiskeli.

Karagwe na Kyerwa ni mahali panapofaa kuzisomea filamu hizo. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka uleule wa 2012. Wilaya zote mbili zinapakana na Rwanda kwa Mto Kagera, na kwa upande wa kaskazini barabara ya Murongo inaingia Uganda. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Baiskeli yenye mikungu ya ndizi iliyofungwa kwenye keria na ubavuni, ikisukumwa na mtu aliyeinama hadi uso wake ukaribie usukani, ni picha ambayo mkazi wa huko haihitaji kuelezwa. Pikipiki imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini haijaifuta picha hiyo katika kumbukumbu wala katika lugha.

2.0 Vitenzi vitatu kama nyenzo ya uchambuzi

Kiswahili kinampa mzungumzaji vitenzi vitatu vya msingi vya kueleza uhusiano wa mtu na baiskeli, na kila kimoja kinaingiza mtazamo wake.

Kitenzi cha kwanza ni panda. Mtu hupanda baiskeli kama apandavyo mlima, mti au cheo. Katika matumizi yote hayo mna mwelekeo wa kwenda juu, na anayepanda huishia mahali palipo juu ya alipoanzia. Cha pili ni endesha, umbo la usababishi la enda. Anayeendesha anakifanya kitu kiende. Yeye ni mtawala wa mwendo. Ndiyo maana kitenzi hicho hutumika pia kwa kikao, mradi, na hata maisha: mtu huendesha maisha yake kwa kazi fulani. Cha tatu ni kokota. Anayekokota baiskeli hayuko juu yake. Yuko kando yake, miguu ikiwa ardhini, na uzito wa chombo pamoja na shehena umehamia mikononi, mabegani na kiunoni mwake. Kutokana na kitenzi hicho Kiswahili kimepata mkokoteni, na kutokana nacho husemwa kwamba mtu aliyechoka anajikokota.

Kwa mtu wa Nkwenda au Kayanga anayepeleka ndizi sokoni, vitenzi hivyo vitatu ni hatua za safari moja. Hupanda asubuhi akiwa na baiskeli tupu kwenda shambani, huendesha penye tambarare, hukokota penye mlima. Katika safari hiyo, kukokota ndiko kunakochukua muda mrefu na nguvu nyingi, na ndiko kunakoleta fedha. Baiskeli isiyokokotwa kilimani haina shehena ya kutosha kulipa safari yake.

Msamiati wa lugha jirani unathibitisha kwamba baiskeli haikuingia katika eneo hili ikiwa na maana moja. Kiswahili kina gari, neno lenye asili ya Kihindi, na kwa baiskeli kikachukua neno la Kiingereza. Kinyarwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, kinaita baiskeli igare. Kiganda kinaiita eggaali. Mzizi ni uleule. Neno ambalo kwa Mswahili limebaki kwenye chombo cha injini, kwa jirani zake limekaa kwenye chombo cha miguu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa chombo cha usafiri na uchukuzi cha watu wengi. Hata bodaboda, inayosikika leo kama neno la pikipiki, ilianza kwa baiskeli zilizovusha abiria na bidhaa katika mpaka wa Kenya na Uganda. Lugha za ukanda huu zimehifadhi habari za mzigo; swali ni kama filamu nazo zimefanya hivyo.

3.0 Line of Sight: jicho lisilo na uso

Mbio zinazoonyeshwa na Brunelle zinajulikana kwa jina la alleycat, lililoanza kutumika Toronto mwaka 1989. Kanuni zake zinaiga kazi ya tarishi. Mshindani hupewa orodha ya vituo vilivyotawanyika mjini, hujichagulia njia, na hutakiwa kuthibitisha kwamba amefika kila kituo. Barabara hazifungwi. Magari, taa za barabarani na watembea kwa miguu hubaki kama walivyo siku nyingine yoyote. Washindani wengi hutumia baiskeli ambayo pedali zake huzunguka kila gurudumu la nyuma linapozunguka, na baadhi yao hawafungi breki. Kwa hiyo mbio hizi ni siku ya kazi iliyogeuzwa kuwa mchezo, na ujuzi unaoshindaniwa ndani yake ni ujuzi wa kazi: kuijua ramani ya mji, kukadiria nafasi kati ya lori na basi, kusoma nia ya dereva kabla hajageuza usukani.

Gérard Genette alitenganisha maswali mawili ambayo wahakiki huyachanganya: nani anaona, na nani anasema. Katika Line of Sight swali la kwanza ndilo linalotawala. Kamera iko kichwani mwa mwendeshaji, na mtazamaji analazimika kuona kile tu kinachoonekana kutoka hapo. Huu ni usimulizi wa nafsi ya kwanza katika hali yake kali kuliko riwaya inavyoweza kuwa, kwa sababu msimulizi wa riwaya anaweza kusita na kujieleza, ilhali kamera hii haina muda wa kusita. Nguvu ya filamu inatoka hapo. Mtazamaji wa Karagwe ambaye hajawahi kuiona barabara kuu ya Mexico City anaielewa mara moja kwa mwili wake.

Gharama ya mbinu hiyo inatoka hapohapo. Jicho lililowekwa kichwani haliuoni uso wa mwenye kichwa. Halioni pia mfuko wa tarishi ulioko mgongoni mwake. Kifaa kinachomtambulisha mshindani kama mfanyakazi kiko nyuma ya jicho linalosimulia, na filamu inapozidi kuangalia mbele, kazi iliyozaa mbio inazidi kusahaulika. Kadiri picha zinavyotoka mjini kwenda kwenye barafu ya Mto Charles, Ukuta Mkuu wa China na misitu ya Guatemala, kile kilichokuwa ujuzi wa riziki kinageuka kuwa ushujaa wa mtu binafsi anayetafuta mahali papya pa kuhatarisha maisha. Watu wengine waliomo barabarani, ambao nao wanakwenda kazini, wanapungua kuwa vikwazo. Hii ni filamu ya kuendesha katika maana yake finyu: utawala wa mwendo pasipo swali la kinachopelekwa na anayekisubiri.

Hata hivyo, filamu hii ina uaminifu mmoja unaostahili kutajwa. Kwa kuwa umbo la mbio limetokana na umbo la kazi, mzigo unabaki katika muundo hata pale unapopotea katika picha. Vituo, orodha, njia za mkato na haraka vyote ni mabaki ya ajira. Mtazamaji anayejua kuhesabu muda kati ya shamba na soko anayatambua.

4.0 Rising from Ashes: uso usio na jicho

Rising from Ashes inafanya kinyume. Ina nyuso nyingi, na inazitazama kwa karibu na kwa heshima. Uso unaoibeba zaidi ni wa Adrien Niyonshuti, ambaye mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka saba, alinusurika mauaji ya kimbari yaliyowaangamiza ndugu zake sita wa kiume. Msuko unaelekea Olimpiki ya London ya mwaka 2012, ambako Niyonshuti alibeba bendera ya Rwanda na kushiriki mbio za baiskeli za milimani. Katika mbio zenyewe, tarehe 12 Agosti, alimaliza akiwa wa 39. Ni jambo la kusifiwa kwamba filamu ilijengwa juu ya mwanamichezo ambaye thamani yake haikutegemea medali.

Tatizo liko katika swali la pili la Genette, la nani anasema. Wahusika wanazungumza, lakini maana ya wanayoyasema hupangwa na sauti iliyo juu yao, ya Kiingereza, ya mwigizaji Forest Whitaker. Bill Nichols ameonyesha kwamba filamu ya hali halisi huwa na sauti yake, yaani mkao inaouchukua mbele ya mtazamaji, na kwamba katika hali ya ufafanuzi sauti hiyo hujitwalia mamlaka ya kujua yote. Mhusika wa Rwanda anatoa ushahidi. Sauti inatoa hukumu. Tunaona uso wake wakati wote, ila ni mara chache tunaona kile anachokiona yeye akiwa juu ya baiskeli. Pale Line of Sight ilipotoa jicho bila uso, filamu hii inatoa uso bila jicho.

Kwa mtazamaji wa Kagera sauti hiyo ina historia ambayo watayarishaji hawakuikusudia. Whitaker ndiye aliyeigiza nafasi ya Idi Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006 na kupata tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo. Majeshi ya Amin ndiyo yaliyovamia ardhi ya Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuwaacha wakazi wake na makovu ambayo vijana bado wanasimuliwa. Sauti iliyopewa kazi ya kuponya jeraha la jirani inapokelewa, upande huu wa mto, na sikio linalokumbuka jeraha jingine. Mwangwi huo hauiharibu filamu, lakini unakumbusha kwamba hakuna sauti ya msimulizi inayotoka mahali pasipo pahali.

Anwani ya filamu inahitaji kusomwa kwa makini vilevile. Kwa Kiingereza, kuinuka kutoka majivuni ni sitiari ya ndege feniksi anayeungua na kuzaliwa upya. Kwa Kiswahili majivu yana methali yake: moto huzaa jivu. Methali hiyo inahusu uzao uliopungua, mzazi mwenye nguvu aliyeacha mtoto dhaifu, na haiahidi kuinuka kokote. Anayeisikia anwani kwa sikio la Kiswahili analazimika kuuliza ni kazi gani iliyofanywa ili jivu litoe kitu, kwa kuwa kwa tajiriba yake jivu halijiinui. Filamu inajibu kwa kumtaja kocha, vifaa na nidhamu ya mazoezi. Jibu hilo si la uongo, lakini ni pungufu. Kinachokosekana ni miguu iliyokuwa imekwisha kuimarika kabla kocha hajafika. Kwa bahati, Phoenix ni pia jina la chapa ya baiskeli za Kichina zilizozoeleka Tanzania kwa kubeba mizigo. Feniksi wa filamu anaruka. Phoenix wa Kaisho anakokotwa.

Abraham Ruhumuriza, mshindi wa Tour of Rwanda mara tano, aliwahi kubeba abiria kwa baiskeli. Philip Gourevitch, katika makala yake "Climbers" ya mwaka 2011 kuhusu timu hiyohiyo, alimpa nafasi kubwa Gasore Hategeka, kijana aliyeingia mashindanoni kutoka katika kubeba mizigo. Katika maisha ya watu hao kazi ya kubeba ilikuwa chuo. Ilifundisha kupanda mlima kwa mpigo mmoja wa moyo, kutunza nguvu, kuvumilia uzito. Msuko wa Rising from Ashes, kwa kuwa ni msuko wa kupanda katika maana zote za neno hilo, unaiweka kazi hiyo chini, kama umaskini unaoachwa. Mhusika akishapewa baiskeli nyepesi, shehena inakuwa kitu cha zamani.

5.0 Mzigo na mpaka

Inaweza kupingwa kwamba filamu hii haikukusudia kuwa filamu ya uchukuzi, na kwamba mzigo wake halisi ni kumbukumbu ya mauaji. Pingamizi hilo lina uzito. Kumbukumbu ya Niyonshuti ni mzigo usiolinganishwa na mikungu ya ndizi, na mhakiki anayeilinganisha kwa wepesi atakuwa amekosa adabu. Lakini sitiari huishi kwa kitu kinachoshikika. Filamu inapotaka mtazamaji aelewe uzito wa moyoni, ilikuwa na uzito wa mwilini tayari mkononi mwake, katika chombo kilekile, juu ya vilima vilevile, na haikuutumia. Mtu anayekokota baiskeli hadi kileleni, akasimama, akaegemeza shehena kwenye gogo, akapumua, kisha akaendelea, ni taswira ya uvumilivu inayomfaa aliyenusurika kuliko taswira ya ndege anayeibuka motoni. Haidai kwamba mzigo umekwisha. Inaonyesha kwamba unaendelea kubebwa.

Mpaka nao unahusika. Mwaka 1994 Mto Kagera ulibeba miili ya waliouawa hadi Ziwa Viktoria, na Karagwe, ambayo wakati huo ilijumuisha eneo la Kyerwa, ilipokea kambi za wakimbizi. Kwa wakazi wa huko maafa ya Rwanda yalikuwa jambo la kuni zilizokatwa, maji yaliyogawanywa na wageni waliohitaji kulishwa. Ramani ya msuko wa filamu inatoka Rwanda kuelekea London. Haielekei mashariki, ng'ambo ya mto. Ponyo linasawiriwa kama tukio kati ya taifa na ulimwengu wa mbali, na majirani wanaoshiriki kilima, mgomba na baiskeli wanabaki nje. Hata jina la mmoja wa waendeshaji wa timu, Rafiki Uwimana, ambalo nusu yake ni Kiswahili na nusu ni Kinyarwanda, lingetosha kuonyesha kwamba ujirani huo umo ndani ya nyumba.

Kwamba mzigo unaweza kuwa kiini cha sanaa kunathibitishwa na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ambako sanamu yenye rangi ya dhahabu imesimamishwa kwa heshima ya mtu na chukudu yake, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba viazi, kuni na makaa. Waliosimamisha sanamu hiyo hawakumngojea mwenye chukudu ashinde mbio ndipo aonekane. Walimheshimu akiwa kazini.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba Line of Sight ni filamu ya kuendesha na Rising from Ashes ni filamu ya kupanda, na kwamba hakuna kati yake iliyo filamu ya kukokota. Hata hivyo hazina upungufu sawa. Ile ya chini kwa chini, isiyo na ujumbe wowote wa huruma, imehifadhi umbo la kazi ndani ya mbio zake. Ile yenye huruma imewapa watu wake nyuso na majina, lakini imeichukulia kazi yao kama kitu cha kuepukwa. Mtazamaji wa Karagwe na Kyerwa anafahamu kwamba huruma isiyoheshimu kazi ya mtu humwondolea mtu huyo nusu ya utu wake.

Suala hili halijapitwa na wakati. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na kamera za dunia zilipanda vilima ambavyo mwendelezo wake uko Kagera. Filamu nyingine zitafuata, na baadhi zitavuka mto. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Kwa hiyo sauti inayosimulia habari za pande zote mbili za mto inaweza kuwa ya lugha inayojua tofauti kati ya kupanda, kuendesha na kukokota. Mtengenezaji filamu atakayeichagua lugha hiyo atakuta kwamba imekwisha kumwonyesha pa kuweka kamera: kando ya baiskeli, usawa wa bega la mwenye mzigo, kwa mwendo wake.